Mgonjwa amelaumiwa vya kutosha, sasa tuzungumzie maji

Kila mwaka, kati ya Novemba 18 na 24, dunia huadhimisha wiki ya kuelimishana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Redioni na kwenye mabango ujumbe huwa ule ule: usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari, maliza dozi, usimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Ni ushauri mwema na sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni kuufanya ushauri huo ndiyo kampeni nzima. Tunapowazungumzia bakteria wanaoingia kwa njia ya mdomo na kushambulia utumbo, wale wa homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara damu, mgonjwa aliyekatisha dozi yuko mwisho kabisa wa mstari mrefu wa wahusika. Waliomtangulia kwenye mstari huo hatuwagusi.

Tanzania ina ushahidi wake yenyewe, na una umri wa karibu miaka hamsini. Oktoba 1977 ulianza mlipuko wa kipindupindu nchini. Mwanzoni, vimelea waliopimwa maabara walikuwa wakifa kwa tetrasaiklini bila shida. Basi dawa hiyo ikagawiwa kwa wingi, kwa walioharisha na kwa wazima waliotakiwa kukingwa. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea waliooteshwa hawakuisikia tena tetrasaiklini. Fred Mhalu na wenzake waliyaandika hayo katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1979.

Nani alikosea hapo? Hakuna mgonjwa aliyekwenda dukani kujinunulia vidonge vya kubahatisha. Hakuna aliyeficha dozi chini ya mto. Dawa iligawiwa na mfumo wa afya wenyewe, kwa nia njema, watu wakifa na viongozi wakitafuta chochote cha kufanya. Lakini visima vilibaki vile vile na vyoo vikabaki vile vile. Kimelea kilichonusurika kwenye tumbo la mtu mmoja kilikuwa na njia nyeupe ya kufika kwenye tumbo la jirani yake, na kila kilikofika kilikuta dawa imekwisha kuwaondoa washindani wake.

Tena tetrasaiklini haikuwa hata silaha kuu ya ugonjwa wenyewe. Anayeugua kipindupindu huuawa na kupotelewa na maji na chumvi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya kunywa yenye sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hadi chini ya 4. Antibayotiki humpunguzia mgonjwa mahututi siku za kuharisha, na hapo ina nafasi yake. Kuigawa kijiji kizima huku kijiji hicho kikiendelea kuchota maji machafu ni kukichagulia kijiji vimelea sugu.

Miaka kumi na saba baada ya mlipuko ule wa Tanzania, Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kujaa Goma. Maji waliyoyapata yalikuwa ya Ziwa Kivu. Ardhi ni mwamba wa volkano, kuchimba shimo la choo ni kazi ya sururu na siku nyingi. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuharisha: kwanza kipindupindu, kisha kuhara damu kulikoletwa na Shigella. Kimelea cha kipindupindu kilichokutwa pale kilikuwa kimekwisha kuizoea tetrasaiklini na ndugu yake doksisaiklini. Shigella alikuwa sugu kwa karibu kila dawa ya kawaida iliyokuwapo mikononi mwa waganga. Mama aliyefika Goma akiwa na mtoto mgongoni hakuwa na dozi ya kukatisha. Usugu aliukuta majini.

Jambo hili la usugu kukutwa tayari ndilo ninalotaka tulielewe vizuri, maana mabango yetu yanatufundisha kinyume chake. Yanatufanya tuamini kwamba usugu huzaliwa ndani ya mwili wa mtu mmoja mzembe, aliyekula vidonge viwili akaacha vinane. Huo ni mlango mmoja tu. Mwaka 1959, watafiti wa Japani, Ochiai na Akiba, walionyesha kwamba bakteria wa kuhara damu anaweza kuupokea usugu kutoka kwa bakteria mwingine, E. koli, mkazi wa kawaida wa utumbo wa kila mmoja wetu. Usugu huo hubebwa kwenye kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi. Ifikirie kama shada la funguo: ukikabidhiwa shada, umepata ufunguo wa kila mlango kwa mara moja, na kila aliye nalo anaweza kukuchongea nakala bila yeye kupoteza chake. Ndiyo maana bakteria mmoja hujikuta anahimili ampisilini, kloramfeniko na septrini kwa siku moja, ingawa kati ya dawa hizo huenda hajawahi kukutana na hata moja.

Na utumbo ndipo mahali nakala hizo zinapochongwa kwa wingi. Kidonge cha antibayotiki ulichokimeza kwa ajili ya kifua au kidonda hupita humo. Mabilioni ya bakteria wasiokudhuru huoga dawa ambayo haikuwahusu, dhaifu hufa, wenye plasmidi hubaki na kuzaana. Huumwi, hujui lolote. Unakwenda chooni. Kuanzia hapo hadithi inategemea choo chako kinapeleka wapi kilichomo.

Hyderabad, mji wa mkoa wa Sindh nchini Pakistan, ndipo tulipoonyeshwa mwisho wa njia hiyo. Mwishoni mwa 2016 walianza kuonekana wagonjwa wa homa ya matumbo ambao kimelea chao kilikuwa sugu kwa dawa zote za zamani, sugu kwa siprofloksasini, na sugu kwa seftriaksoni, sindano ambayo hospitali zetu nyingi huiona ndiyo kimbilio. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba kimelea hicho kilikuwa kimepokea plasmidi ya aina inayopatikana kwa E. koli. Kidonge pekee kilichobaki kuaminika ni azithromaisini. Zaidi ya hapo ni sindano za gharama kubwa za kundi la karbapenemu, za mgonjwa aliyelazwa. Wachunguzi waliofuatilia chanzo walijikuta kwenye maji ya kunywa yaliyochanganyika na majitaka.

Sogea karibu na kwetu, Blantyre, Malawi. Hospitali kuu ya mji huo imeotesha damu za wagonjwa wa homa, ili kumnasa bakteria aliyemo, kwa miaka mingi, kazi ya uvumilivu ambayo hospitali chache za Afrika zimeifanya kwa muda mrefu kiasi hicho. Kati ya 1998 na 2010, kimelea cha homa ya matumbo kilipatikana kwa wastani wa wagonjwa 14 tu kwa mwaka. Mwaka 2011 wakawa 67, mwaka 2012 wakawa 186, mwaka 2013 wakafika 843. Kabla ya 2011, waliokuwa sugu kwa dawa nyingi kwa pamoja hawakufika asilimia 7. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 97.

Nawauliza wanaosema usugu ni tabia mbaya ya wagonjwa: je, watu wa Blantyre walishauriana mwaka 2011 waache kumaliza dozi? Kilichotokea kinajulikana. Ukoo mmoja wa kimelea, ambao wanasayansi wanauita H58, ulijitokeza Asia ya Kusini katika miaka ya 1980, ukavuka hadi Afrika Mashariki, ukashuka hadi Malawi ukiwa umebeba usugu wake. Kenya ulishaonekana mapema, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, wakiongozwa na Sam Kariuki waliueleza mwaka 2010. Ulipofika Blantyre ulikuta njia iko wazi. Uchunguzi uliofanywa baadaye mjini humo ulionyesha kwamba kaya zilizotumia maji ya mto kupikia na kuoshea zilikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua.

Kaskazini mwa Tanzania, watafiti walichukua sampuli za E. koli kutoka kwa watu na mifugo katika kaya za Wamaasai, Waarusha na Wachagga, wakauliza pia nani anatumia dawa gani na mara ngapi. Wangetarajia wanaotumia dawa nyingi ndio wawe na bakteria sugu zaidi. Matumizi ya dawa yaligeuka kueleza sehemu ndogo tu. Lililobeba uzito ni jinsi bakteria wanavyohama kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, na humo yamo mambo kama kunywa maziwa yasiyochemshwa. Mwaka 2018 Peter Collignon na wenzake wakalinganisha takwimu za nchi nyingi duniani na kukuta picha inayofanana: penye miundombinu mizuri na utawala bora usugu ni mdogo, na kiasi cha antibayotiki kinachotumiwa na nchi hakikuweza chenyewe kueleza tofauti hizo.

Nisieleweke vibaya. Matumizi ya dawa yana uzito, na kisa cha 1977 nilichoanza nacho kinatosha kulithibitisha hilo. Na mwenye homa ya matumbo akikatisha dawa, ugonjwa unaweza kumrudia, kwa hiyo dozi aliyoandikiwa na aimalize. Swali langu ni kwa nini dawa hizi zinatumiwa kwa wingi namna hii, na jibu linanipeleka maabara kabla halijanifikisha kwenye duka la dawa.

Ingia zahanati yoyote ukiwa na homa, uchovu na tumbo linalosokota. Utatolewa damu, na baada ya muda mfupi utapewa majibu: malaria hakuna, taifodi (yaani homa ya matumbo) ipo. Kipimo kilichotumika ni Widal, kilichopewa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta askari wa mwili waliozalishwa kupambana naye, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya vita kwisha. Wengine hufanana na wale waliozalishwa kwa ajili ya maambukizi tofauti kabisa. Kipimo kimoja cha siku moja, katika eneo ambalo wengi wamewahi kukutana na ndugu wa bakteria huyo, kinaweza kusema ndiyo kwa mtu ambaye homa yake ina chanzo kingine. Watafiti walipokipima kipimo chenyewe kwa watoto waliolazwa katika hospitali ya vijijini Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walikuta kwamba kati ya wanne walioambiwa wanayo, ni kama mmoja tu aliyekuwa nayo kweli.

Fikiria basi watu wazima wangapi mitaani wanaokwambia wana taifodi sugu, inayowarudia kila baada ya miezi michache. Kila inaporudi, Widal inasoma, na kila inaposoma, sipro inanunuliwa. Wengi wao hawakuwa na taifodi hata mara ya kwanza. Walitii, walikwenda kupima, waliandikiwa na mtaalamu, na dozi walimaliza. Walifanya kila kitu ambacho bango la Novemba linawaagiza, na bado wameoshwa utumbo kwa antibayotiki wasiyoihitaji mara nne au tano.

Wala Widal si peke yake katika kubahatisha. Katika hospitali mbili za Moshi, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo makini vilithibitisha malaria kwa asilimia 1.6 tu. Kipimo cha haraka cha malaria kimesaidia sana tangu hapo, lakini kimeacha pengo: mganga anapoona malaria haipo na homa ipo, lazima aiite kitu fulani, na majina yaliyo karibu ni taifodi na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Yote mawili yanamalizikia kwenye antibayotiki.

Dawa ya tatizo hili ni kuotesha. Damu inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inasubiriwa siku kadhaa, na bakteria akiota anajaribiwa kwa dawa moja moja ijulikane ipi inamuua. Si njia kamilifu. Hata ikifanywa vizuri huwakamata takribani wagonjwa sita wa homa ya matumbo kati ya kumi. Lakini bila yake nchi haijui iko wapi. Blantyre walijua mlipuko umewafikia kwa sababu walikuwa wanaotesha. Mahali pasipooteshwa, ukoo ule ule unaweza kupita na kuua, na daftari la wodi likaandika homa, basi. Inaniuma kuona hospitali inapata mashine ya picha inayozinduliwa kwa kukatwa utepe, ilhali maabara yake haina chupa za kuoteshea damu wala mtu aliyefundishwa kuzisoma.

Kuhusu duka la dawa nitasema kifupi. Mtu anayenunua vidonge vinne badala ya kumi na vinne anajua kuhesabu. Pesa aliyo nayo ni ya vinne. Muuzaji akimnyima, mwingine wa ng'ambo ya barabara atamuuzia. Wafugaji wa kuku wanaochanganya oksitetrasaiklini kwenye maji ya kunywesha nao wanastahili makala yao; ile dawa na kile kinyesi cha kuku vinarudi kwetu kupitia bustani na mito.

Nirudi kwenye maji, maana huko ndiko pesa zinakotakiwa kwenda. Marekani mwaka 1900, homa ya matumbo iliua zaidi ya watu 30 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Kufikia 1940 ilikuwa imeshuka hadi karibu mtu mmoja. Kloramfeniko, dawa ya kwanza iliyoiweza homa hiyo, ilianza kutumika mwaka 1948. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kushindwa kabla dawa haijafika, kwa kuchuja maji na kuyatia klorini; kutia klorini kwa mfululizo kulianza nchini humo Jersey City mwaka 1908 na kuenea miji mingine. Kimelea ambacho hakipati tumbo jipya la kuingia hakina fursa ya kujifunza usugu.

Kisa kinachonipa moyo zaidi ni cha Santiago, mji mkuu wa Chile, kwa sababu hali yake ilifanana na yetu. Mji ulikuwa na maji safi ya bomba, na bado homa ya matumbo iliusumbua miaka yote ya 1970 na 1980. Tatizo lilikuwa saladi. Mboga zilizoliwa mbichi zilimwagiliwa maji ya mito yaliyobeba majitaka ya mji mzima. Mwaka 1991 kipindupindu kilipolipuka jirani zao Peru, serikali ya Chile iliogopa, ikapiga marufuku kumwagilia mboga hizo kwa majitaka. Kipindupindu hakikupata mizizi, na homa ya matumbo iliyokuwa imeshindikana kwa miongo ikaporomoka.

Nikisoma habari hiyo huwaza bonde la Msimbazi, Dar es Salaam: matuta ya mchicha na matembele kando ya mto unaopokea maji ya viwanda na ya vyoo. Huwaza msimu wa masika, mvua kubwa inapoanza na watu mitaani wakaanza kutapisha vyoo, shimo likafunguliwa usiku na vilivyomo vikaachiwa viende na mafuriko. Kila mkazi wa mitaa ile anajua linavyofanyika na kwa nini: gari la kunyonya ni ghali, na pengine njia ya kulifikisha hadi nyumbani haipo. Mafuriko hayo hupita juu ya visima vifupi na mabomba yaliyotoboka. Ukitaka kujua bakteria sugu husafiri vipi kutoka kwa mgonjwa aliyetibiwa hospitalini hadi kwa mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge, simama hapo mvua ya Aprili ikinyesha.

Kibera, Nairobi, watafiti walikuta homa ya matumbo ikiwapata watu 247 katika kila 100,000 kwa mwaka, wakati Lwak, eneo la vijijini magharibi mwa Kenya, walikuwa 29. Nchi moja, sheria ya dawa moja. Kibera watu wamesongamana, vyoo vichache, na mabomba ya maji yanapita kwenye mitaro.

Mabomba na mifumo ya majitaka huchukua miaka kujengwa, na watoto hawawezi kusubiri. Kwa hiyo chanjo. Blantyre hiyo hiyo iliyoumizwa, watoto zaidi ya 28,000 walishiriki katika jaribio la chanjo mpya ya homa ya matumbo, ambayo mtoto huchomwa mara moja tu kuanzia umri wa miezi tisa. Iliwakinga kwa takribani asilimia 80, na miaka minne baadaye kinga ilikuwa bado imara. Chanjo haijali kimelea ni sugu au si sugu. Pakistan iliiweka kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2019, Malawi mwaka 2023, na mwaka 2025 Kenya ikaendesha kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Kila nchi ya ukanda wetu ambayo bado haijaiingiza inapaswa kuwaeleza wazazi inasubiri nini.

Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa mwaka 2023 hadi 2028, na Kenya ina wake wa 2023 hadi 2027. Wiki ya Novemba itakapofika tena, ningependa waandishi wenzangu wawaulize mawaziri mambo matatu wakiwa bado jukwaani. Hospitali ngapi za mikoa au kaunti zinaweza leo, siku hii ya leo, kuotesha damu ya mgonjwa wa homa? Katika mitaa gani maji ya bomba yalipimwa mwezi uliopita yakakutwa na kinyesi, na bomba hilo litazibwa lini? Na waziri wa maji, yuko wapi katika sherehe hii?